Kuku Anayesinzia Hauzwi

Wanangu wa Kasongo na Kabambare, na nyinyi mlioko Samba, Salamabila na kando ya Luama, hapa kwetu Maniema, Kongo, nisikilizeni. Kiangazi kinaingia, na kiangazi kikiingia kuku wetu huanza kufa. Kila mwaka wanakufa, kila mwaka tunatupa manyoya na kula nyama, kisha tunaanza upya na mitetea wawili watatu wa kuazima kwa shemeji. Jambo hili nimelisema msikitini, nimelisema penye matanga, nimelisema barazani kwa sultani. Nitalisema tena kwa upole, maana kufoka sikuwezi tena.

Amkeni mapema siku ya soko, mkasimame pale njia ya Kabambare inapoingilia mjini Kasongo. Watakuja vijana wa baiskeli, mmoja mmoja, jasho limewakaukia mgongoni. Nyuma wamefunga bidoni za mawese. Mbele, kwenye usukani, wametundika kuku waliofungwa miguu kwa kamba ya mgomba, vichwa vikining'inia karibu na tairi. Msogelee mmoja, umtazame yule kuku wa pembeni. Kilemba chake kimegeuka rangi ya zambarau. Uso umevimba, mate yanamdondoka, kinyesi cha kijani kimegandamana na manyoya ya mkiani. Macho ameyafumba nusu. Sasa mteja akikaribia, mtazame na mwenye baiskeli: anamtingisha kuku kidogo, kwa kidole, ili afungue macho. Ukimwuliza, atakwambia kachoka na safari.

Ninyi nyote mnakijua kidole hicho. Kwa baadhi yenu, ni chenu.

Mara nyingi kuku huyo ana kideri, ule ugonjwa ambao watu wa veterineri huuita Newcastle. Kideri kina chanjo, tena chanjo rahisi. Iko ile inayoitwa I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine. Tanzania wanaitumia sana kwa kuku wa vijijini: tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi minne, basi. Haihitaji sindano wala mtu mwenye diploma. Nasikitika kila ninapokumbuka kwamba ugonjwa unaotumalizia kuku unazuilika kwa tone la dawa, na sisi tunauita majaliwa.

Lakini kuna ugonjwa mwingine, na kwa macho hutaweza kuutofautisha na kideri. Kuku huvimba uso vilevile, husinzia vilevile, huharisha vilevile. Ni mafua ya ndege, nao ndio ulionikalisha niwaandikie.

Virusi vya mafua ya ndege ni ndugu wa mafua yetu sisi watu, ukoo wa mafua A, na kwao asili ni kwa bata mwitu na ndege wengine wa majini. Humo matumboni vinakaa bila ugomvi mkubwa. Bata ananya majini, mwenzake anakunywa, maisha yanaendelea. Wataalamu huvitaja kwa H na N pamoja na namba, wakifuata protini mbili zilizo juu ya ganda la kirusi: moja ya kuingilia katika chembe ya mwili, nyingine ya kutokea. Aina za kuogopwa ni H5 na H7, kwa sababu hizo zina tabia ya kugeuka. Kwa bata mwitu ni nyepesi. Zikiingia katika banda lenye kuku maelfu waliobanana, zikapita kwa huyu na yule mara nyingi mno, hukosea katika kujinakili, na kosa dogo mahali pamoja linatosha. Ile protini ya H lazima ikatwe kwanza ndipo kirusi kiweze kuingia katika chembe. Katika aina nyepesi hukatwa tumboni na kwenye njia ya hewa tu. Katika aina iliyogeuka hukatwa popote mwilini, na hapo ugonjwa unaingia moyoni, mapafuni na ubongoni. Banda zima linaweza kwisha kwa siku mbili.

Tena jeni zake zimegawanyika vipande 8. Aina mbili zikikutana ndani ya ndege mmoja, huwa kama wasafiri wawili waliolala chumba kimoja wakachanganya mizigo gizani: asubuhi kila mmoja anaondoka na nguo za mwenzake. Ndiyo maana leo mtasikia H5N1, kesho H5N8, keshokutwa H5N1 nyingine isiyokuwa ile ya kwanza.

Ukoo unaoisumbua dunia leo ulipatikana kwa bata bukini katika jimbo la Guangdong, nchini China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata, mjini Hong Kong, watu 18 waliugua na 6 kati yao wakafa, na serikali ikaamuru kuku wote wa mji wauawe, zaidi ya milioni moja. Kisha mwaka 2005, katika Ziwa Qinghai, ndege wa porini walikufa kwa maelfu. Hapa nawaomba msimame kidogo. Ndege wa porini ndio waliotupa virusi vyepesi. Vilipokaa katika mabanda yetu wanadamu vikawa vikali. Nasi tukawarudishia wenyewe. Kwa hiyo mtu asiniletee habari ya kukata miti ya viota wala kuwatupia mawe ndege wa Mungu wanaotua mashambani mwa mpunga. Kama ni kesi, wao ndio wenye kudai.

Mwaka 2006 ugonjwa ulifika Afrika, kwanza Kaduna, nchini Nigeria, ukaendelea hadi Misri, Niger, Kameruni, Sudan na kwingineko. Sisi tulisikia redioni tukaendelea kula. Januari 2017 ukasogea. Kandokando ya Ziwa Victoria, katika ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, watu waliokota ndege wa majini waliokufa, wale wadogo wenye mabawa meupe wanaokuja kwetu kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Kuku na bata wa kufugwa nao wakafa, upande wa Masaka. Kipimo kikasema H5N8. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda mara moja. Na miezi michache baadaye, mwaka huohuo, H5N8 hiyohiyo ikathibitishwa katika nchi yetu, kwa bata na kuku wa vijiji vya Ituri, kando ya Ziwa Albert. Wasomi walipozichambua jeni zake walikuta ni jamaa wa karibu wa ile ya Uganda. Ajabu hakuna hapo: ziwa lile ni letu sote wawili, na mitumbwi yake haina pasipoti.

Utasema, mzee, Ituri ni mbali. Kweli, ni zaidi ya kilomita 700 hata ukienda moja kwa moja kama ndege. Lakini tangu hapo ugonjwa umekwenda mbali kuliko kutoka Ituri mpaka Kasongo. Januari 2021 mwari wapatao 750 walikufa katika hifadhi ya Djoudj, Senegali. Mwishoni mwa mwaka huo ukavuka Atlantiki mpaka Amerika ya Kaskazini, mwaka 2022 ukashuka Amerika ya Kusini, ukaua ndege wa pwani na simba wa bahari, kisha ukafika mpaka barafu ya Antaktika. Mwaka 2023 Afrika ya Kusini ilipoteza kuku kwa mamilioni. Mwaka 2024, huko Marekani, ukakutwa kwa ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo wazee wa sayansi hawakulitarajia. Ugonjwa unaoweza kutoka kwa bata ukafika kwa ng'ombe hautashindwa na msitu wa Maniema.

Na kwa watu? Haujajifunza kupita kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu, na tumwombe Mungu usijifunze. Lakini tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limehesabu watu zaidi ya 900 waliopatwa na H5N1, na karibu nusu yao wamekufa. Wengi wao walishika ndege wagonjwa au waliokufa, nyumbani kwao, katika uwanja kama wako na wangu. Hata ile H5N8 ya Ituri, tuliyoambiwa haina habari na watu, ukoo wake ulikuja kukutwa kwa wafanyakazi 7 wa shamba la kuku nchini Urusi mwishoni mwa mwaka 2020.

Sasa turudi njiani kwetu. Njia hii ya Kabambare kwenda Ziwa Tanganyika si ya leo. Ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu kwenda Ujiji, enzi za Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyekuwa na mji hapa Kasongo. Ndiyo iliyotuletea Kiswahili, mpunga na dini. Lakini misafara ile haikubeba heri tupu. Mwaka 1876, Tippu Tip alipomsindikiza Stanley kutoka Nyangwe kuteremka Lualaba, ndui iliingia katika watu wake na ikaua. Ndui haikuwa na mabawa. Ilisafiri katika miili ya wapagazi, katika nguo na mikeka yao, ikalala walipolala. Mafua ya ndege ndivyo yanavyotembea yakishatua chini. Ndege wa porini huyaleta mara moja. Baada ya hapo kazi yote tunaifanya sisi. Kinyesi kwenye tairi la baiskeli, kwenye kandambili, kwenye tenga lililobeba kuku jana na leo limebeba mayai. Katika kinyesi chenye unyevunyevu, kivulini, virusi hivi hudumu siku nyingi. Sabuni huviua, jua kali huvidhoofisha, moto wa jikoni huvimaliza.

Nimesema moto wa jikoni, na najua kuna aliyefurahi. Anasema moyoni: basi nikimpika vizuri nimesalimika. Mlaji, ndiyo, aliyekaa sebuleni akingoja sahani. Lakini kabla ya chungu kuna mama aliyeinama juu ya beseni la maji ya moto, mvuke unampanda usoni, ananyonyoa. Kuna binti wa miaka minane anayetoa matumbo kwa vidole. Kuna mtoto mdogo aliyepewa kichwa na miguu achezee. Hao ndio wanaokutana na ugonjwa, na hao hamkuwauliza.

Tena hapa niseme na Waislamu wenzangu, ambao ni wengi Kasongo, na Wakristo wasikilize pia kwa kuwa jambo ni moja. Nimeona namna mnavyokimbilia kisu. Kuku akianza kuyumba, baba anaita mtoto: lete kisu haraka, asije akawa kibudu! Anamlaza kibla, anataja jina la Mungu, damu inatoka matone manne mazito, halafu anashusha pumzi kama mtu aliyewahi gari la moshi. Masheikh wetu walitufundisha kwamba mnyama wa kuchinjwa awe na uhai ndani yake. Lakini kisu hakimwondolei ugonjwa. Wewe unalijua hilo. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mwenye wanyama wagonjwa kuwapeleka penye wanyama wazima wa mwenzake. Karne kumi na nne zimepita. Hakuwa na hadubini, na agizo lake daktari yeyote wa mifugo angelitia sahihi leo.

Sasa najua mnachotaka kunijibu, maana nimekaa nanyi muda mrefu. Kuku mmoja ni daftari na kalamu na pesa ya mtihani. Kuku ndiye anayechinjiwa mkwe, ndiye anayekwenda na mgonjwa hospitali afunguliwe mlango. Mtu mwenye kuku kumi na mbili, akiona watatu wamekufa usiku, anajua tisa waliobaki ni wa kesho. Atafanya nini? Atawafunga miguu kabla hakujapambazuka, awapeleke soko ambako hawamjui. Huko Salamabila wachimbaji wa dhahabu wananunua haraka na hawaulizi. Akienda kwa mwenye madaraka, ataambiwa choma wote, na hapa kwetu sijamwona mfugaji wa kijijini aliyelipwa hata faranga moja kwa kuku waliochomwa. Na wale ambao bunduki ziliwafukuza Kabambare wakatembea usiku na kuku wawili ndani ya kapu, mali yao yote, nani mwenye uso wa kuwaambia wawaache?

Nayakubali yote hayo. Siwahesabu kuwa watu wabaya. Lakini hesabuni pamoja nami. Wale tisa uliowauza, umewauza kwa bei ya hasara kwa sababu walikuwa wanasinzia. Mnunuzi amewachanganya na wake. Baada ya wiki moja kijiji chake hakina kuku. Ndugu yako aliye katika kijiji hicho anakuja kwako kuazima mtetea wa kuanzia, nawe huna. Mwaka mzima watoto wa pande zote mbili wanakula sombe bila hata yai. Pesa ya wale tisa ilikwisha siku ileile kwa chumvi na sabuni. Na kama ni mafua ya ndege yenyewe, wala si kideri, kuna nyumba imezika na mtu, na hawatajua kamwe kilichomwua, kwa sababu wewe hukusema.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wazazi wetu walisema hivyo wakati ambapo kilio kilikuwa cha nyumba moja tu.

Nawakumbusha kwamba Kasongo tumewahi kuhesabiwa, na kuhesabiwa kule hakukutudhuru. Miaka ya 1970 walikuja madaktari kutoka Antwerp, Ubelgiji, wakafanya kazi na wauguzi wetu, wakachanja watoto surua, wakaandika nani kaugua, nani kapona, nani kafa, nyumba kwa nyumba. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1981 katika Lancet, jarida kubwa la madaktari, na dunia nzima ikabishana juu ya watoto wa Kasongo. Iliwezekana kwa sababu mama zenu walikubali kusema: huyu wangu kaugua Jumanne. Hilo tu. Vifo vya kuku navyo vinaweza kusemwa hivyohivyo.

Na wakubwa wa Kindu na Kinshasa nao wasikie, ingawa masikio yao yako mbali. Sampuli ya kuku wa Kabambare yapaswa kusafiri katika baridi mpaka kwenye maabara Kinshasa, na sisi hatuna hata barafu ya kuifungia. Hamwezi kuamuru watu waripoti kisha mkaleta askari na petroli, bila fidia. Atakayepigwa hivyo mara moja, safari ya pili atauza usiku. Leteni kwanza chanjo ya kideri, vichupa vichache tu, mtu aone kuku wake wamevuka kiangazi salama. Hapo akisikia neno la veterineri atalisadiki, na siku mtakapomwambia kuna ugonjwa mkubwa zaidi, atafungua mlango.

Kwenu wanangu, naomba yaliyo ndani ya uwezo wenu. Kuku mgeni, awe wa zawadi au wa mahari, msimchanganye na wenu siku ileile. Mfungieni peke yake wiki mbili, mmlishe mwisho, mnawe. Bata wasilale na kuku. Kuku wakianza kufa, wasiondoke uwanjani kwenu hata mmoja, hai wala mfu. Waliokufa msiwanyonyoe wala msiwatupe mtoni. Chimbeni shimo refu, muwachome, mfukie, ili mbwa wasifukue. Anayewashika afunge kitambaa puani, avae mifuko ya plastiki mikononi kama hana glavu, kisha anawe kwa sabuni mpaka viwiko. Watoto wakae mbali. Mtu aliyeshika ndege hao akipata homa kali na kukohoa, apelekwe kituo cha afya, na aseme wazi kwa muuguzi kwamba kuku walikufa nyumbani.

Mkiona kwamba pamoja na kuku wanakufa bata, kanga na ndege wa porini, msijidanganye kuwa ni kideri cha kila mwaka. Mwambieni kapita wa kijiji siku hiyohiyo. Kapita naye amwambie veterineri wa teritwari, na nambari ya simu ya veterineri huyo ibandikwe kwenye mlango wa msikiti, wa kanisa na wa shule kabla kiangazi hakijakolea.